Magendo, unga na serikali: maswali ninayoulizwa Pemba

Mimi ni msaidizi wa sheria, nafanya kazi Wilaya ya Wete. Watu hunijia na mirathi, talaka na mipaka ya mashamba, lakini kikombe cha pili cha kahawa kikishamiminwa mazungumzo huishia palepale: fulani anauza unga, yaani heroini, mtaa mzima unajua, mbona hakamatwi? Na akikamatwa, mbona ni sisi wenyewe tunaokwenda kumtoa? Haya ndiyo maswali yanayojirudia. Majibu ni yangu mimi, hayatoki ofisi yoyote.

"Uhalifu wa kupangwa" ni nini hasa? Si mambo ya Italia hayo?

Mwizi wa kuku ni mwizi tu. Ukikuta kuna anayeleta, anayehifadhi, mwenye boti, mwenye gari, na mtu wa ofisini anayelipwa ajifanye hakuona, na wote wanajuana na kugawana, huo umepangwa. Kwetu unaonekana zaidi katika bidhaa zinazopita bandari bubu, zile zisizo rasmi, katika dawa za kulevya, na katika rushwa inayovilinda vyote viwili. Italia wamepata jina kwa sababu wao waliuandikia sheria yake: tangu 1982, kuwa mmoja wa genge la kimafia ni kosa peke yake, hata kama hujaua mtu. Sisi tunawaita "wale jamaa", yakaishia hapo.

Babu zetu walivusha karafuu. Nao walikuwa wahalifu?

Kwa sheria ya wakati ule, ndiyo. Nikisema hivyo barazani kuna mzee atainuka aondoke, na namwelewa.

Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikawa ndiyo mnunuzi, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lilipoanzishwa 1968 likashika biashara yote. Mkulima alipata kipande kidogo cha bei ya soko la dunia. Ng'ambo ya mkondo, Shimoni, Vanga na Mombasa, mfanyabiashara alilipa mara kadhaa zaidi, tena papo hapo. Na miaka yenyewe ilikuwa ya dhiki. Wazee bado wanaita ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi "siku za bakora", kwa sababu watu walicharazwa hadharani. Ikafuata njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, chakula kwa foleni. Enzi za Mzee Karume adhabu ya kuvusha karafuu ilipandishwa hadi kifo. Kikaundwa na kikosi ambacho jina lake refu bado linataja kazi yake: Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, yaani KMKM.

Mashua ziliendelea kutoka. Zilikwenda usiku na mapolo ya karafuu, zikarudi na sabuni, khanga na unga wa ngano. Mkulima alijiuliza: mkarafuu kaupanda babu yangu, kaupanda juu kuuchuma mwanangu, kaianika mke wangu, halafu mtu ambaye hajawahi kutobolewa na jua la sakafuni ndiye ananiambia thamani yake, na nikikataa ananinyonga? Hapo neno "mwizi" lilihama. Likaondoka kwa mvushaji, likaenda kukaa kwa mnunuzi.

Lakini tusiwapake asali wavushaji. Wapo waliokopesha vibarua na wenye mashamba kabla ya msimu, wakazinunua karafuu zingali mtini kwa bei ya kutupa. Wapo walioacha watu wazame kuliko kutupa mzigo baharini. Hao hatuwahadithii wajukuu.

Bei ikiwa nzuri magendo hufa?

Hupungua sana. Mwaka 2011 bei ilipandishwa ikapita shilingi 10,000 kwa kilo, na sera ikawa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Doria nazo ziliongezwa mwaka huo, sikatai. Ila doria zilikuwepo tangu ujana wa baba yangu na karafuu zilikuwa zikipita. Kilichowatoa watu bandari bubu kikawapanga foleni kwenye vituo vya ununuzi ni bei.

Shangazi yangu ameuza kwa njia zote mbili katika umri wake. Karafuu zake huzianika mkekani siku tano au zaidi, kila wingu likipita anazikusanya, mpaka ukivunja moja kwa ukucha inalia kach. Nikimuuliza kwa nini zamani alimwamini mvushaji, mtu wa gizani asiye na risiti, hanijibu habari ya bei. Ananiambia: "Mizani yake aliining'iniza mwembeni. Niliiona." Nimesoma maandishi mengi juu ya uhalali wa dola, na sijakuta maelezo mafupi kuliko hayo.

Basi muuza unga naye anatafuta riziki. Tofauti iko wapi?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike yote haya.

Aliyevusha karafuu aliuza kitu chake kwa mtu aliyekitaka, na hasara iliangukia hazina ya serikali. Hasara ile si ndogo, kwa kuwa hazina ndiyo dawa ya hospitali. Lakini hakuna mama aliyemfunga mwanawe kamba kitandani kwa sababu ya karafuu. Heroini inaletwa na majahazi kutoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistani, inashuka kusini hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki, na sehemu kubwa inapita kwenda kwingine. Inayobaki ni ujira. Wasaidizi wengine hulipwa kwa unga wenyewe badala ya fedha, na mtu aliyelipwa unga lazima aupatie wateja. Wateja wako wapi? Maskani, nyuma ya skuli, mlangoni pako.

Sasa msikilize muuza kete, vile vipakiti vidogo vya unga, akijitetea. Atakwambia serikali haina ajira, wakubwa wanakula, yeye analea wadogo zake. Maneno yale yale, neno kwa neno, aliyokuwa akisema mvushaji wa 1975. Na sisi tunatikisa vichwa, maana masikio yetu yameshayazoea na moyo unayakubali. Babu alikuwa na hoja, na mjukuu wa mtu mwingine ameivaa kama kanzu ya kuazima. Inamkaa vizuri kwa sababu hatumgeuzi tukamtazama mgongoni.

Nikipewa nafasi moja ya kusema na vijana wa Wete, ningewaambia hilo tu. Heshima mnayompa yule ni mali ya watu wengine.

Lakini anasaidia. Nani mwingine alitoa ubani msiba ule?

Kweli, alitoa. Nilikuwepo. Jeneza halijatoka nyumbani, kijana akashusha gunia la mchele na dumu la mafuta, hakusema vimetoka kwa nani, na kila mtu alijua. Diwani alikuja siku ya hitima, akakaa dakika kumi.

Ni kazi ya kila genge duniani, si ubunifu wa Pemba. Kobe, kule Japani, mji ulipopigwa na tetemeko mwaka 1995, genge kubwa kabisa la nchi lenye makao yake palepale lilianza kugawa maji na chakula kabla misaada ya serikali haijapangika. Waliokula walikuwa na njaa, huwezi kuwalaumu. Ila tazama ubani unanunua nini. Gunia moja la mchele, na mtaa wa watu mia tatu umeona aibu kulitaja jina lake kwa mwaka mzima. Hakuna bima rahisi kuliko hiyo.

Msikiti ukubali fedha zake?

Mimi si sheikh. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) inajulikana hadi na watoto wa chuo cha Kurani: Mwenyezi Mungu ni mwema, hapokei ila kilicho chema. Masheikh wengi niliowauliza wanatofautisha aliyetubia, anayetaka kuitoa mikononi mwake mali ya haramu bila kutarajia thawabu, na ambaye bado yuko kazini, anayetaka jina lake kwenye tangi la maji la kutawadhia. Wa pili ananunua kitu, na anachokinunua ni safu ya mbele.

Na watu wanaposoma aya ya 188 ya Al-Baqara, ile ya kuliana mali kwa batili, wasiishie katikati. Mwisho wake unataja kuzipeleka mali hizo kwa mahakimu. Mpokeaji yumo ndani ya aya.

Kwa nini hatutoi ushahidi? Ni woga?

Wageni hudhani ni woga. Sisi tunajua ni muhali, ile haya ya kumkatalia mwenzio.

Kule Sicily wana desturi yao ya kunyamaza, omertà, na nyuma yake iko bunduki. Ilianza kupasuka mwaka 1984, Tommaso Buscetta, mtu wa ndani aliyeuliwa wanawe, alipokubali kukaa na hakimu Giovanni Falcone na kusema. Falcone alilipia kwa roho yake mwaka 1992. Ukuta wa bunduki unaweza kupasuka, kwa sababu aliye ndani yake anauchukia.

Muhali hatuuchukii. Tumelelewa nao, na ni tabia njema: usimwambie jirani "hapana" usoni, usimvunjie mtu heshima yake, usiwe wewe uliyemfunga mtoto wa mwenzio. Hebu nikuonyeshe unavyofanya kazi.

Kesi ya kete. Upekuzi umefanywa mbele ya sheha, kiongozi wa shehia. Vielelezo vimepelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ripoti imerudi, ni heroini. Amebaki shahidi mmoja, kijana aliyeona kete zikikabidhiwa. Usiku wa kuamkia kesi, baada ya isha, hodi. Haingii mtu wa panga wala mwenye bahasha. Anaingia mama wa mshitakiwa, amebeba sahani ya mkate wa kumimina, umefunikwa kitambaa. Anakaa chini, hataki kiti. "Mwanangu, mimi na mama yako tumenyonyeshana watoto." Halii, haombi kitu. Anauliza tu hali ya bibi, anaondoka, sahani anaiacha.

Asubuhi shahidi anaumwa. Kesi inaahirishwa. Mara ya pili ana safari ya Unguja. Mara ya tatu kesi inaondolewa mahakamani, na redioni tunasikia kiongozi akisema wananchi hawatoi ushirikiano.

Viongozi wetu hupenda kusema "tuache muhali". Wameanza wao? Mkubwa akipigiwa simu na mkubwa mwenzake juu ya mpwa wake aliyekamatwa, ile nayo ni sahani ya mkate wa kumimina, ila hatuoni kitambaa.

Nikiibiwa, kwa nini niende polisi wakati kuna mtu anayerudisha vitu siku hiyo hiyo?

Nitajibu kwa aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma mdogo wangu aliibiwa pikipiki. Tulikwenda kituo kimoja, wapi hapana haja ya kusema. Tukaandikisha, tukaambiwa gari halina mafuta, tukaelewa maana yake. Tulikuwa hatuna. Jirani akaninong'oneza nimwone fulani. Nikamwona. Kabla ya magharibi pikipiki ilikuwa imeegeshwa chini ya mwembe wetu, imepungua kioo kimoja cha pembeni. Nilipotoa fedha alikataa. "Nisalimie mama," akanambia.

Miezi minne baadaye akaja mtu wake: kijana wao yuko ndani, na wanahitaji barua ya kumdhamini, iliyoandikwa vizuri, na mtu anayefahamika.

Niliiandika.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini uende polisi, siwezi kukwambia watakusaidia. Nakwambia tu bei ya yule mwingine hutajiwa siku unapoipata pikipiki.

Serikali nayo imevunja sheria mara nyingi. Ina haki gani kunidai niifuate?

Swali la haki, na Pemba haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Januari 2001 watu walipigwa risasi kwenye maandamano. Tume ya serikali yenyewe ilitaja vifo 31, wengine walihesabu zaidi. Watu wapatao 2,000 walivuka hadi Shimoni, bahari ile ile ya karafuu, safari hii wakiwa mzigo wao wenyewe. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa kura zikiwa zinahesabiwa, ukarudiwa Machi 2016. Katika misimu hiyo Unguja kulipita watu waliofunika nyuso, wakipiga raia usiku, na wananchi wakawaita mazombi. Mtu aliyefunika uso hana namba ya kikosi. Mwananchi akishashindwa kujua kama aliyempiga ni mhalifu au ni mtumishi wa umma, usimtarajie kesho amwone polisi aliye na namba akatofautisha.

Upande wa pili nakumbuka 31 Julai 2010. Tuliulizwa kwa kura kama tunataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66 na kitu tukasema ndiyo. Miaka michache iliyofuata, katika shehia yangu, watu waliokuwa hawazikani walianza kuzikana. Kazi yangu ikawa rahisi: watu walileta malalamiko ofisini badala ya kuyapeleka kwa "wale jamaa". Sikuona bunduki mpya wala sheria kubwa mpya. Watu waliulizwa, na jibu lao likafuatwa.

Kwa hiyo jibu langu: mtu huna lazima ya kuipenda serikali ndiyo usimfiche anayemuuzia kete mtoto wa darasa la saba. Ni mambo mawili. Tumeyafunga kitita kimoja kwa muda mrefu, na anayefaidika na kitita hicho si mpinzani wala si mtawala.

Kitambulisho kinahusiana nini na uhalifu?

Sana. Ili upate kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi unapitia kwa sheha, na sheha ni mteule, hukumchagua. Miaka ya uchaguzi malalamiko ya kunyimwa huwa mengi. Mtu asiye na kitambulisho hana njia ya kuishi kihalali hata akitaka: laini ya simu, benki, kazi, vyote vinaomba kitambulisho. Ndugu zetu Wapemba waliokwenda Kenya kuvua wameishi pwani ile vizazi kadhaa bila uraia, wakijificha doria zikipita, mpaka walipotambuliwa mwaka 2023. Watu walionyimwa karatasi hununua ulinzi kwa anayeuuza.

Mali zao zikitaifishwa zinakwenda wapi?

Zanzibar tuna sheria ya fedha haramu na mali zitokanazo na uhalifu tangu 2009, na ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, iliundwa kwa sheria ya 2012. Kisheria zana zipo. Kinachokosekana ni kuona. Italia tangu 1996 sheria inaruhusu nyumba na mashamba yaliyochukuliwa kwa mafia yapewe jumuiya na vyama vya ushirika, na leo watu wanalima ngano katika ardhi hizo. Hapa kwetu nyumba ikishafungwa kwa amri ya mahakama, mtaa hubaki ukiuliza nani sasa analala mle.

Mwanangu ameanza kutumia. Niende wapi?

Usingoje uyamalize ya serikali. Tiba ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, inatolewa hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, tangu 2015, na nyumba za kurekebisha tabia, wenyewe wanaziita soba, ziko Unguja na Pemba, nyingi zikiendeshwa na watu waliowahi kutumia. Teja ni mgonjwa. Mzazi anayekwenda kuuliza tiba hajamshitaki mtu.

Na wewe mwandishi, hujawahi kununua cha magendo?

Nimevalishwa. Mama yangu ana khanga ndani ya sanduku lake la mninga, chini kabisa, na karafuu zimetiwa kati ya mikunjo zizuie nondo. Ililetwa na mashua kutoka Mombasa miaka ile ambayo dukani hakukuwa na nguo wala sabuni, na nilibebwa ndani yake nikiwa na siku saba. Rangi imekwisha, maandishi yanasomeka nusu. Juzi nilipokuwa naandika haya nikamuuliza aliyeileta alikuwa nani. Ni miaka zaidi ya arubaini, na mtu mwenyewe ameshakufa.

Akaikunja, akairudisha. "Ana watoto," akasema.